Noti nne zinazomfanya tenori

Kwaya za Mwanza zikipungukiwa na mtu, mara nyingi anayekosekana ni wa sauti ya tatu, yaani tenori. Besi hujaza benchi zima, sauti ya kwanza na ya pili huzidi idadi ya majoho, lakini kijana anayeweza kukaa kwenye F na G kwa beti nne bila sauti kupasuka hutafutwa kwa tochi kuanzia Nyegezi mpaka Igoma. Akipatikana hutumika ibada zote za Jumapili, harusi ya Jumamosi na mazishi ya katikati ya wiki, hata Pasaka ikifika amekauka. Watu husema sauti ile ni kipaji: unazaliwa nayo au huna. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu ya pili inahitaji maelezo, na njia nzuri ya kuyapata ni kumfuata tenori mpaka kwenye opera, mchezo wa jukwaani unaoimbwa, mahali ambapo sauti yake imechunguzwa na kupimwa kuliko popote.

Tenori wa opera hufanya kazi ndani ya oktava mbili, kutoka C iliyo chini ya C ya kati (ile ya katikati ya kinanda) mpaka C iliyo juu yake. C ya kati ina mitetemo 262 kwa sekunde. Ile ya juu ina 523. Yaani nyuzi mbili za sauti, ambazo kwa mwanaume mzima zina urefu wa takriban milimita 17 hadi 25, hukutana na kuachana mara 523 katika sekunde moja. Akiishikilia noti hiyo kwa sekunde nne, zimeshagongana zaidi ya mara elfu mbili. Sasa, sauti ya tatu katika nyimbo zetu nyingi za kanisani huishia F au G. Ukihesabu nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za kinanda, kutoka G hiyo mpaka C ya juu unapata tano tu, na ndiyo maana watu hudhani tenori wa opera ni mwanakwaya aliyejiongezea noti tano. Noti hizo tano haziongezwi kwa juu. Hupatikana kwa kuzitengeneza nne zilizo chini yake: E, F, F♯ na G. Walimu wa Italia huliita eneo hilo passaggio. Hapa tutaliita kivuko.

Kivukoni hutokea jambo linaloweza kuelezwa kwa hesabu. Kila irabu ina mwangwi wake kinywani na kooni, yaani kiwango cha mitetemo ambacho kinywa na koo hukikuza. Kwa mwanaume, mwangwi wa kwanza wa "a" uko karibu na mitetemo 700. Ukiimba F yenye mitetemo 349, sauti hubeba ndani yake pia mitetemo iliyo mara mbili ya hiyo, yaani 698. Namba hizo mbili karibu zinalingana, na "a" hulipuka: inakuwa kubwa, rahisi, yenye kumpendeza mwenyewe. Ni sauti ya mvuvi anayeita mtumbwi ulioko mbali. Shida inaanza noti inayofuata. Mara mbili ya F♯ ni 740, mara mbili ya G ni 784, na mwangwi wa "a" umebaki nyuma. Mwimbaji asiyefundishwa hataki kuuacha ule mlipuko, kwa hiyo anaufukuzia. Mdomo unapanuka, kidevu kinanyanyuka, kisanduku cha sauti kinapanda kooni ili njia ya sauti ifupike na mwangwi upande pamoja na noti. Mbinu hiyo humfikisha G, pengine nusu toni juu yake, kisha nafasi inakwisha. Kidevu hakiwezi kunyanyuka tena. Sauti inapasuka, au inakimbilia ile nyembamba ya kuigiza mwanamke.

Aliyefundishwa huacha mwangwi upitwe. Mdomo haubadiliki sana, kisanduku cha sauti kinabaki chini, na "a" inaegemea "o" kidogo kuanzia E au F. Mitetemo ile ya pili inapanda, inaupita mwangwi wa irabu, na sauti inageuka. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa, kwa sababu ndani ya kichwa chake mwimbaji husikia kama sauti imefungwa, imepungua, imepotea. Aliyekaa kiti cha nyuma ndiye anayesikia kwamba imewaka. Kukubali kwamba masikio yako mwenyewe ni shahidi mbaya kwenye noti hizi nne huchukua muda mrefu kuliko zoezi lolote la pumzi.

Tazama basi jinsi kwaya zinavyomweka kijana wa sauti ya tatu. Wimbo umeandikwa akae kwenye E na F muda mwingi, yaani katikati kabisa ya kivuko, bila kuvuka wala kurudi. Kisha mpiga kinanda, ili wimbo uchangamke kwenye ubeti wa mwisho, anabonyeza kitufe na kupandisha nusu toni. Sauti ya kwanza hawaoni tofauti kubwa. Sauti ya tatu wamehamishwa kutoka F, ambako "a" ilikuwa inalipuka yenyewe, kwenda F♯, ambako lazima ama wageuze ama wapige kelele. Hawajafundishwa kugeuza. Mwalimu wa kwaya anayetaka vijana wake wadumu afanye kinyume: wimbo ukiwa na F nyingi ndefu, aushushe nusu au toni nzima, na awape sauti ya tatu irabu ya duara zaidi kwenye noti za juu.

Hata Ulaya ustadi huu si wa zamani sana. Mpaka miaka ya 1830, tenori aliyefika juu ya kivuko kwa kawaida alihamia sauti nyepesi ya kichwani, na wasikilizaji waliipenda hivyo. Mfaransa Gilbert Duprez ndiye anayekumbukwa kwa kuibadili kazi. Mwaka 1831 mjini Lucca, katika opera ya Rossini ya Guillaume Tell, aliimba C ya juu kwa sauti nzito ya kifua, na mwaka 1837 akaifanya hivyo Paris. Rossini mwenyewe hakuipenda sauti ile. Watu waliipenda, tena sana. Adolphe Nourrit, aliyekuwa ameianzisha nafasi ya tenori katika opera hiyo mwaka 1829 kwa uimbaji wa kale, aliondoka Paris akaenda Italia kujifunza uimbaji mpya. Haukumkubali, na mwaka 1839 alijiua mjini Naples akiwa na miaka 37. Sauti ya Duprez nayo ilichakaa mapema. Tangu hapo C ya kifua imekuwa kipimo ambacho tenori hawezi kukikwepa, hata pale mtunzi asipoiandika: C maarufu ya tenori katika opera ya Il trovatore haimo katika noti za Verdi, iliingizwa na waimbaji.

Jambo la pili linalowashangaza wengi ni kwamba tenori huyu huimba bila kipaza sauti, mbele ya orkestra ya watu sitini, themanini na zaidi, katika ukumbi kama wa Metropolitan wa New York wenye viti vipatavyo 3,800. Hawezi kuishinda orkestra kwa ukubwa wa sauti. Anapita mahali ambapo haipo. Nguvu kubwa ya orkestra iko karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, na juu ya hapo hushuka kwa kasi. Msweden Johan Sundberg alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba sauti ya mwanaume aliyefundishwa opera ina mrundikano wa nguvu karibu na mitetemo 3,000, ambako vyombo vimeshanyong'onyea na sikio la binadamu ni jepesi mno. Mrundikano huo huzaliwa kwenye kijia chembamba kilicho juu tu ya nyuzi za sauti, ikiwa koo lililo juu yake limeachwa pana na kisanduku cha sauti kimetulia chini. Mwimbaji anayepiga kelele hunyanyua kisanduku hicho, anaubana upana wa koo, na mlio ule unatoweka. Anachosha koo na bado hasikiki.

Kwa hiyo mazoezi yanayofanywa kwa vipaza sauti na spika kubwa humdanganya tenori. Hajisikii, anasukuma. Zoezi moja kati ya mawili kwa wiki lifanyike bila umeme kabisa, ndani ya kanisa tupu, msikilizaji mmoja akiwa amekaa mlangoni.

Kijana wa miaka 18 au 19 anayetaka kuanza vizuri hahitaji vifaa vingi. Anahitaji mrija wa soda, glasi ya maji, kinanda au programu ya simu yenye noti, na dakika 20 asubuhi na 20 jioni. Asizidishe mwaka wa kwanza. Dakika tano za mwanzo ni za mrija: azamishe ncha yake sentimita mbili kwenye maji na kuimba ndani yake, akiteleza polepole kutoka C ya chini mpaka G ya kivukoni na kurudi, mapovu yakitoka sawasawa. Upinzani wa maji hurudisha shinikizo kidogo kooni, nyuzi zikakutana bila kugongana kwa nguvu. Mapovu yakikatika anapofika E au F, ameshaona kivuko chake kilipo. Watu wanatofautiana kwa toni nzima.

Kisha pumzi. Avute kwa hesabu nne, ashikilie nne bila kufunga koo, atoe nne kwa "s" nyembamba; halafu tano-tano, sita-sita, akiongeza moja kila duru. Wengi hufika kumi au kumi na mbili baada ya miezi michache. Kinachoangaliwa ni mbavu zisianguke mapema, na kosa la kawaida ni kujaza kifua mpaka mabega yanapanda. Hewa nyingi mno inasukuma yenyewe kutoka, na koo linalazimika kubana ili kuizuia.

Baada ya hapo ngazi ya noti tano, so-fa-mi-re-do, kwa irabu "u", akipanda nusu toni kila mara mpaka so ifike G. "U" ina mwangwi wa chini sana, kwa hiyo hugeuka mapema na haimpi mtu nafasi ya kupiga kelele. Ikitulia kwa wiki kadhaa ahamie "o". "A" ije mwisho kabisa, na ndipo inapotakiwa kubeba kitu cha "o" ndani yake kuanzia F. Aweke kidole kwenye kifundo cha mbele ya koo: kikipanda kwa kasi pamoja na noti, ashuke toni mbili aanze upya. Kipimo cha pili hakidanganyi. Noti ya F au G ianzishwe kwa nguvu ya wastani kisha ipunguzwe taratibu mpaka iwe ndogo bila kukatika. Anayeweza kuikuza lakini hawezi kuipunguza bado anaishikilia kwa nguvu ya koo.

Tenori Mwitaliano Luciano Pavarotti alipelekwa njia hiyohiyo. Alizaliwa Modena mwaka 1935. Baba yake alikuwa mwoka mikate na tenori wa kwaya, na wawili hao waliimba pamoja katika kwaya ya mji wao iliyoshinda mashindano ya Llangollen, Wales, mwaka 1955. Mwalimu wake wa kwanza wa kweli, Arrigo Pola, alimweka miezi ya mwanzo kwenye irabu na ngazi tu, bila wimbo. Wakati huo alikuwa akifundisha shule ya msingi, kisha akauza bima. Alisimama jukwaani kwenye opera nzima kwa mara ya kwanza tarehe 29 Aprili 1961, Reggio Emilia, kama Rodolfo wa La bohème. Miaka sita na zaidi ya kujifunza, na katikati yake uvimbe kwenye nyuzi za sauti uliokaribia kumfanya aache. Mwaka 1972 alipoimba New York zile C tisa za juu za opera ya La fille du régiment, wengi waliona muujiza. Ukisikiliza kwa makini rekodi zake za miaka ile, sikiliza F na G anazopitia kabla ya kila C. Hazina mshtuko wowote.

Mzungumzaji wa Kiswahili huingia kwenye kazi hii na mtaji ambao Mwingereza hana. Irabu zetu tano ni safi, hazitelezi katikati, na silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, jambo ambalo ndilo msingi wa uimbaji wa Kiitaliano. Kazi iko kwenye konsonanti. Kiitaliano hushikilia konsonanti mbili zinazofanana zilizofuatana, na muda wake huibwa kutoka kwenye noti iliyotangulia. Mswahili huzipita haraka kama ni moja. Na hapa kwetu, aliyekulia kwenye Kisukuma na bado anachanganya r na l, alishughulikie hilo mapema kwa mwalimu wa lugha, kwa sababu jopo la usaili hulisikia kabla halijasikia sauti.

Sauti ikishavuka, swali ni ivuke na mzigo gani. Matenori hawafanani. Wapo wepesi wanaokimbia na noti nyingi za Rossini, kama mhusika Almaviva wa Il barbiere di Siviglia. Wapo wa kati wanaobeba Nemorino wa Donizetti, Alfredo wa La traviata na Rodolfo. Wapo wazito kidogo wa Cavaradossi katika Tosca na Don José katika Carmen. Na wapo wazito hasa, wa Radamès katika Aida, ambayo ilioneshwa kwanza Cairo mwaka 1871, wa Otello, na wa opera za mtunzi Wagner. Nafasi nzito haiwi nzito kwa sababu ina noti za juu zaidi. Otello hapandi kumzidi Rodolfo. Uzito wake ni kwamba humweka mwimbaji kivukoni muda mrefu, kwa sauti kubwa, mbele ya vyombo vingi vya shaba vya orkestra, kama tarumbeta. Kijana wa miaka 25 anaweza kuimba noti zote za Otello chumbani kwake, kisha jukwaani zikamla katika misimu miwili. Tenori Alfredo Kraus alikataa maisha yake yote nafasi zilizozidi sauti yake nyepesi, na aliendelea kuimba nafasi za vijana wapenzi akiwa na miaka sitini na kitu. Kwangu hilo ni somo kubwa kuliko C yoyote iliyowahi kupigiwa makofi.

Wapo pia waliowekwa mahali pasipo pao. Plácido Domingo alianza Mexico kama baritoni, sauti ya kiume iliyo kati ya besi na tenori, akapandishwa kuwa tenori, na mwaka 2009, akiwa na miaka 68, alirudi kwenye nafasi za baritoni. Katika kwaya zetu makosa ya namna hii ni ya kila siku: baritoni mwenye G nzuri hutupwa sauti ya tatu kwa sababu kuna upungufu. Dalili ni kwamba akiimba nusu saa huanza kushuka chini ya noti sahihi, na siku ya pili sauti yake ya kuongea ni nzito kuliko kawaida. Huyo arudishwe besi.

Kazi yenyewe ina njia zake. Baada ya chuo cha muziki cha miaka minne au zaidi, wengi huingia programu ya vijana ya jumba la opera, mwaka mmoja au miwili, wakiimba nafasi ndogo na kusimama kama mbadala wa wakubwa. Usaili hutaka arias (nyimbo za mwimbaji mmoja kutoka kwenye opera) zisizopungua tano hivi, za Kiitaliano, Kifaransa na Kijerumani, mojawapo ikiwa ya Mozart. Ujerumani ina majumba ya opera zaidi ya 80 yanayolipwa na serikali na miji, na mengi huajiri waimbaji kwa mshahara wa mwezi. Huko ndiko wageni wengi huanzia. Anayealikwa kama mgeni hulipwa kwa kila onyesho. Akiugua siku hiyo, kwa kawaida halipwi, ingawa ameshafanya mazoezi ya wiki nne hadi sita. Wakala huchukua kama asilimia 10. Mkataba usomwe neno kwa neno: tenori Enrico Caruso, wakati huo kijana maskini wa Naples, alimwahidi mwalimu wake robo ya mapato kwa miaka mitano ya kuimba, na maandishi yalihesabu siku za kuimba tu, kwa hiyo miaka mitano ingeweza kuwa miongo. Alitoka humo kwa kesi na kwa kulipa. Huyu ndiye ambaye mwanzoni noti zake za juu zilikatika hadharani, na ambaye tarehe 11 Aprili 1902 alirekodi nyimbo kumi Milan kwa pauni 100, kazi iliyosambaza jina lake duniani.

Tanzania haina jumba la opera, na kutoka Mwanza njia ni ndefu. Lakini kwaya kama shule ya kwanza ya opera si ndoto. Afrika Kusini imefanya hivyo: kwaya za makanisa, shule na mitaa huzilisha shule za opera kama ile ya Chuo Kikuu cha Cape Town, na tenori Levy Sekgapane alitoka katika nchi hiyo akashinda tuzo ya kwanza ya mashindano ya uimbaji wa opera ya Operalia mwaka 2017. Kwa hapa kwetu, shahada ya muziki ya Tumaini Makumira, Arusha, inampa mtu nadharia na kusoma noti, vitu ambavyo usaili wa nje hautavisamehe.

Zaidi ya yote, koo lifike huko likiwa zima. Kiangazi cha Juni hadi Septemba huleta vumbi, na nyuzi za sauti zilizokauka hugongana vibaya. Maji yanywewe tangu asubuhi, kwa sababu yanayonywewa dakika tano kabla ya wimbo hulowesha mdomo tu. Ugali na sato wa kukaanga saa tano usiku, kisha kulala, hurudisha asidi kooni, na asubuhi sauti inaamka na ukungu. Yapite masaa matatu kati ya chakula na kitanda. Mwalimu wa darasa lililojaa au mpiga debe anayeimba tenori ahesabu kuongea kwake kama sehemu ya mazoezi. Kusafisha koo kwa kukohoa kuachwe, mtu ameze mate badala yake. Dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni zisimezwe kabla ya kuimba sana, maana huongeza hatari ya mishipa midogo ya nyuzi za sauti kuvuja damu. Sauti ikikatika ghafla katikati ya noti, mtu anyamaze papo hapo, asijaribu "kuona kama imerudi". Ukwaruzo ukipita wiki tatu, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo, hospitali ya Bugando au kwingineko, aangaliwe nyuzi kwa kamera. Vinundu vingi vya waimbaji, yaani vivimbe vidogo kwenye nyuzi za sauti, hupona kwa mapumziko na kurekebishwa uimbaji bila kisu, mradi vimekutwa vikiwa bado laini. Baada ya hapo anarudi kwenye mrija na maji, kutoka C ya chini, na kivuko kinasubiri mpaka wiki ya tatu.